Daftari la palizi: muhogo wangu wa Mwakirunge na bei ya kila mstari

Mimi nauza kachiri za muhogo, vile vipande vyembamba vya kukaanga, Mama Ngina, pale Lighthouse, Mombasa, jioni watu wanapokuja kupunga upepo na kutazama meli zikiingia Kilindini. Miaka mingi muhogo nilikuwa nikiununua soko la Kongowea alfajiri, gunia kwa gunia. Bei ilipopanda hadi faida yote ikawa yabaki kwa mchuuzi, nikakumbuka nusu ekari aliyotuachia baba Mwakirunge, imelala na minazi yake minne na mwembe mmoja. Nikasema nitalima mwenyewe. Kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: muhogo hauna kazi, wachomeka kijiti, waenda zako, warudi kung'oa. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba wote walionijibu hivyo ni walaji wa muhogo, hakuna hata mmoja aliyewahi kulipa kibarua wa palizi.

Kazi ya muhogo ni majani. Vitabuni huitwa magugu, wengine husema kwekwe, sisi twasema majani tu. Watafiti wa IITA, taasisi ya kilimo yenye makao yake Ibadan, Nigeria, nchi inayolima muhogo mwingi kuliko nyingine yoyote duniani, husema palizi ya mkono humla mkulima kati ya asilimia 50 na 80 ya gharama yote ya vibarua, na kwamba hekta moja hutaka saa 200 hadi 500 za kuinama ili mavuno yasipotee. Tena wanaoinama saa hizo wengi wao ni wanawake na watoto.

Nilizigeuza hesabu zao ziwe za kwangu. Nusu ekari ni kama sehemu moja ya tano ya hekta, kwa hivyo ni saa 40 hadi 100. Kibarua wa Mwakirunge huingia shamba saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na jua likikaza saa tano na nusu ameshafuta jembe lake. Hizo ni saa tano. Basi nusu ekari ni siku 8 hadi 20 za mtu mmoja, nami nalipa Sh500 kwa siku: Sh4,000 ukipatia, Sh10,000 ukikosea. Ninayotaka kukuonyesha ni namna ya kubaki karibu na ile Sh4,000, na namna ya kujua ni palizi ipi yastahili pesa yako na ipi ni kuitupa.

Msimu nilioliwa

Nilipanda Mei, masika imeshakolea. Pingili nilipewa na jirani, Kibandameno, muhogo mtamu ambao wakaangaji wote wa Mombasa twaupenda, lakini ugonjwa wa batobato haukawii kuushika. Nilipanda kwa macho, hapa mita moja, pale mita na nusu. Kisha ikaja Idi, na wiki za Idi pale Lighthouse ndizo wiki za kula na kuweka. Sikutia mguu shambani. Nilipokwenda, wiki ya tisa, muhogo wenyewe ilibidi niutafute. Kongwe limetambaa kila mahali na vile viua vyake vya buluu, ndago imefanya zulia, na upande wa chini motomoto limenifika kifuani. Juu ya yote hayo mifuko ya plastiki iliyopeperuka kutoka jaani, maana Mwakirunge ndiko takataka za mji huu zinakotupwa.

Palizi ya kwanza peke yake ilikula siku 11. Mvua ilikuwa ikinyesha kila usiku, na kongwe ni jani la ajabu: ukilikata vipande vitano likalala kwenye tope, kesho una makongwe matano. Wiki tatu baadaye nikalipa siku 7 nyingine, kisha siku 4 za mwisho. Jumla siku 22, Sh11,000, zaidi hata ya lile kadirio la juu la watafiti. Nikang'oa kilo 1,300. Ukigawanya, kila kilo ya muhogo wangu ilikuwa imebeba karibu Sh8.50 ya palizi tu. Weka juu yake kulimisha, kung'oa na tuktuk ya kuuleta mjini, nikawa nimejilimia muhogo wa bei ile ile niliyoikimbia Kongowea.

Mwaka uliofuata nilibadilisha karibu kila kitu, nikamaliza kwa siku 14 za palizi, Sh7,000, na kilo 2,600. Hapo palizi ndani ya kilo ilishuka ikawa karibu Sh2.70. Shemeji yangu, mwalimu wa hesabu, akanikatiza furaha: umebadilisha mbegu, nafasi na wakati, sasa wajuaje ni kipi kilichokupa faida? Alikuwa na haki. Kwa hivyo mwaka wa tatu nilifanya jambo ambalo nakuomba nawe ulifanye hata kama majirani watakucheka.

Acha mistari miwili

Shamba langu ni mistari 50, kila mstari mashina 40, mita moja kwa mita moja. Mistari miwili ya katikati (usichague ya pembeni, pembeni pana jua na nafasi zaidi na hesabu itakudanganya) niliiacha bila kuguswa hadi wiki ya tisa, kama nilivyofanya mwaka ule wa Idi. Mingine yote ilipaliliwa wiki ya nne na ya nane. Mbegu moja, udongo mmoja, siku moja ya kupanda. Wakati wa kuvuna nikapima kwa mizani yangu ya dukani: mistari miwili iliyochelewa ilitoa kilo 52, na miwili iliyoko ubavuni mwake kilo 112.

Tofauti ni kilo 60. Sasa hapa ndipo wengi hukosea, wanazidisha kilo hizo kwa bei ya sokoni. Muhogo ulio ardhini hauna bei ya sokoni. Kilo ninayonunua Kongowea kwa Sh30, ikiwa yatoka shambani kwangu, lazima kwanza niitoe ujira wa kung'oa, gunia, na nauli ya kuishusha mjini, ambazo kwangu ni kama Sh8. Kwa hivyo kilo ikiwa bado udongoni yanifaa Sh22. Kilo 60 mara 22 ni Sh1,320. Na kuipalilia mistari hiyo miwili kwa wakati wake, wiki ya nne na ya nane, kungenigharimu Sh200. Iliyochelewa, nililipa zaidi ya hapo kuisafisha, kwa sababu majani ya wiki tisa hayang'oki kama ya wiki nne. Yaani nilitoa pesa zaidi nikapata muhogo kidogo zaidi.

Baada ya hapo nilitengeneza swali moja ambalo najiuliza kabla ya kumwita kibarua. Palizi moja ya shamba zima kwangu ni Sh2,500. Gawa kwa Sh22: ni kilo 114 hivi. Gawa kwa mashina 2,000: ni gramu 57 kwa shina. Je, palizi hii itanenepesha kila shina kwa gramu 57, kipande kidogo tu cha muhogo? Wiki ya nne jibu ni ndiyo bila kusita, hata mara kumi. Mwezi wa saba, muhogo umefunga kivuli na chini pana vijani viwili vitatu vinavyosinzia, jibu ni la. Vibarua watakuja kukuambia shamba lako chafu. Waambie wanywe chai waende.

Fanya hesabu hiyo kwa namba zako. Kama kwenu kibarua ni Sh700, au muhogo wako wamlisha mnunuzi anayekuja shambani na gari lake, gramu zitabadilika. Njia ni ile ile: gharama ya palizi, gawa kwa thamani ya kilo ikiwa ardhini, gawa kwa idadi ya mashina.

Kwa nini miezi mitatu ya kwanza

Muhogo ni mtoto mvivu. Ukichomeka pingili, mwezi wa kwanza yahangaika na mizizi ya kunywea maji, majani yake machache, kivuli hakuna. Majani ya mwitu hayana subira hiyo. Wiki ya pili yameshatandika. Kuanzia mwezi wa pili hadi wa tatu ndipo baadhi ya mizizi huanza kunenepa iwe muhogo, na ikikuta imenyang'anywa maji na mbolea wakati huo, hunenepa michache tu. Ukija kusafisha mwezi wa tano, waliokufa hawafufuki. Shina litapendeza, utajisifu, lakini chini pana vidole vitatu.

Kwa hivyo ratiba yangu ni hii. Palizi ya kwanza wiki ya nne, kabla nyasi hazijatoa maua. Ya pili wiki ya nane. Wiki ya kumi na mbili au kumi na tatu natembea shambani saa sita mchana, jua likiwa utosini, naangalia chini. Penye kivuli kilichoshikana naacha. Penye mabaka ya jua, hapo tu ndipo pa kufyeka. Mwaka wa pili kufyeka huko kulikula siku 3, na mwaka wa tatu siku moja na nusu.

Palizi ya kwanza yafanywa kwa jembe, na ya pili pia pale jembe linapohitajika, lakini jembe la juu juu, la kuparua. Baada ya mwezi wa tatu jembe nalificha. Mizizi iko karibu na uso wa ardhi, na kidonda kimoja cha jembe ni muhogo uliooza. Mimi nikikata kachiri nakutana na madoa ya buluu na najua kabisa ni jembe la nani. Karibu na shina ng'oa kwa mkono, katikati ya mistari pitisha panga au fyekeo.

Na uchague siku. Mei na Juni Mombasa mvua haina adabu, lakini huwa kuna siku mbili tatu za kupumua. Palilia siku hizo, majani yalale juani yakauke. Ukimlipa mtu kupalilia kwenye tope, umemlipa ayahamishe majani tu. Kongwe hata siku ya jua usiliache shambani. Likusanye kwenye gunia ulitoe nje, au mpe jirani mwenye sungura.

Palizi ya bei rahisi hufanywa kabla ya kupanda

Hili sikulijua hata kidogo. Sasa nalimisha Machi, ardhi ikiwa kavu. Mvua za kwanza zikianguka nasubiri kama wiki mbili. Mbegu za majani zilizokuwa usingizini huamka zote kwa pamoja, zachomoza vidogo vidogo, nasi twaparua kidogo tu zikafa. Kisha ndio napanda. Siku 3 za kibarua, Sh1,500, ambazo huziandika kwenye ukurasa wa palizi japo hakuna hata shina moja la muhogo bado. Katika zile siku 14 za mwaka wa pili, 3 ni hizo. 4 wiki ya nne, 4 wiki ya nane, 3 za kufyeka. Usisubiri zaidi ya hapo lakini. Kila wiki unayoipoteza ya mvua ya masika hutaiona tena hadi vuli, Oktoba na Novemba.

Jambo la pili ni mbegu, na hapa watu hushangaa nikiita mbegu palizi. Muhogo wenye batobato majani yake hujikunja, huwa madogo, na jua hupita hadi chini kama kwenye chandarua kilichotoboka. Huo ni mwaliko kwa ndago. Ndago haipendi kivuli. Muhogo uliochanua majani vizuri huidhoofisha kuliko jembe, kwa sababu jembe hukata ule mnyororo wa vijiazi vyake chini na kila kijiazi huota kivyake. Mbegu zangu za sasa ni Tajirika na Shibe, zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Mtwapa, ng'ambo tu ya mkono wa bahari, nikanunua kwa mkulima anayezizalisha. Kibandameno nimebakisha mistari mitano kwa ajili ya tumbo langu, na nikiona jani limejikunja nang'oa shina zima bila huruma, maana inzi weupe huutoa ugonjwa hapo wakaupeleka kwa jirani.

Ukichagua mbegu, kama wakaangaji wako hawajali, chukua ile inayotoa matawi mapema na chini. Pingili iwe ya katikati ya shina lililokomaa, urefu kama sentimita 25 hivi. Na pengo, mwanangu, pengo lisikae. Pingili iliyokufa izibe ndani ya wiki tatu. Ukichelewa, ile mpya itabaki imedumaa chini ya wenzake na mahali pale patakuwa kitalu cha majani msimu mzima. Mimi huweka pingili 100 za akiba chini ya mwembe.

Nafasi nimekwisha kuitaja: mita kwa mita. Nigeria hupendekeza hata mita moja kwa sentimita 80, ambayo hufunga kivuli mapema zaidi. Sikuifuata kwa sababu katikati ya mistari nina kunde.

Kunde hulipa kibarua

Shida ya palizi ya muhogo ni kwamba pesa yatakiwa mwezi wa kwanza hadi wa tatu na muhogo huanza kurudisha mwezi wa tisa au wa kumi. Wengi hawachelewi kupalilia kwa uvivu. Wamechelewa kwa sababu mfuko mtupu. Mimi nilijaribu kibubu, kikavunjwa mara mbili na ada za shule. Kunde ndiyo iliyoniokoa.

Wiki mbili baada ya kupanda muhogo, natia mstari mmoja wa kunde katikati. Chagua kunde inayosimama. Ile inayotambaa itapanda juu ya muhogo wako iufunge kama kamba. Baada ya wiki nne hivi naanza kuchuma majani yake, mafungu ya mboga ambayo mwanamke mmoja wa Kongowea hunichukulia yote. Pesa hiyo ndiyo ikalipa palizi ya wiki ya nane, sikugusa mtaji wa kachiri hata senti. Pojo nayo yafaa, hukomaa kwa siku kama 70, lakini haina mboga ya kuuza katikati. Mahindi mimi sikuyapenda: hurefuka haraka yakaufunika muhogo wakati ule ule unaotaka jua.

Kunde pia hufunika ardhi, kwa hivyo palizi ya pili ni ya kung'oa kwa mkono hapa na pale badala ya jembe zima. Ila kibarua lazima aonyeshwe kunde ni ipi. Usicheke. Nimepoteza mstari mzima.

Matandazo nilijaribu vilevile. Makumbi ya nazi kwangu ni bure, nikayapanga katikati ya mistari kumi, na pale majani yalipungua kweli. Lakini kuyabeba kulikula siku mbili za mtu, na makuti makavu niliyoongeza yakaita mchwa wakala pingili. Kama una makumbi karibu sana, yapange shubiri mbili mbali na shina. La, acha.

Kumlipa kibarua

Mwanzo nililipa kwa siku. Jembe lilikuwa likienda taratibu kama mashua isiyo na upepo, hadi nisimame pale. Na nikisimama pale, nani akaange? Asubuhi moja nikiwa shambani, beseni mbili za kachiri hazikatwi, na faida yake ni Sh800. Kumsimamia mtu wa Sh500 kwa asubuhi yangu ya Sh800 ni hesabu ya mwendawazimu. Kumbuka hilo pia unaposema "mimi napalilia mwenyewe, kwa hivyo ni bure." Andika asubuhi yako kwenye daftari kwa bei yake. Kama huna kazi nyingine wakati huo, vyema, bei yake ni ndogo, shika jembe. Na watoto wenye shule usiwahesabu kabisa.

Nikajaribu ngwe, yaani mtu hupewa eneo akimaliza akalipwa. Wakamaliza mapema mno, wamekwangua katikati na kuacha majani yameshikana na mashina, mahali ambapo ndipo yanapoumiza.

Sasa nalipa kwa mstari, Sh50, na nakagua kabla ya kutoa pesa. Mistari 50 ni Sh2,500. Ni Sh500 zaidi kuliko zile siku 4 za kusimamiwa, lakini mimi nafika saa nne na nusu, natembea mistari yote kwa saa moja, penye jani karibu na shina nasimama kimya hadi lirudiwe. Naenda na thamosi ya chai, mahamri na mbaazi. Hizo nazo Sh300, ziandike. Nina mama mmoja na bintiye mtu mzima ambao nawapa ahadi yangu mapema, Aprili, nikiwatangulizia malipo ya mistari kumi. Wiki ya nne ya muhogo huangukia pale pale mahindi ya watu wote yanapotaka palizi, na anayeanza kutafuta kibarua siku hiyo hupata aliyekataliwa na wengine, kwa bei ya juu.

Dawa

Wataniuliza, kwa nini usipulize dawa ukamaliza? Nimepuliza, mara moja, na sijuti, lakini mahali pamoja tu: ile pembe ya motomoto. Jani lile lina mizizi mirefu myeupe yenye ncha kama sindano, ukilima unaizidisha. Mwezi mmoja kabla ya kupanda, motomoto likiwa kijani na limeota upya baada ya kufyekwa, nikalipulizia glaifoseti, dawa ya kuua majani. Lita Sh1,100, mpulizaji na bomba lake Sh800. Mwaka wa pili hapo palikuwa panapitika.

Glaifoseti haichagui. Tone likianguka kwenye jani la muhogo au kwenye gome lake bichi, hilo nalo lafa. Jirani yangu alikodisha mtu akapuliza mpakani siku ya upepo wa kusi, mistari yangu miwili ikawa njano. Haikai ardhini kuzuia mbegu mpya, kwa hivyo usidhani umemaliza palizi. Umeua kilichosimama tu. Na kwetu pwani kuna jambo ambalo muuza dawa hakuniambia: maji ya visima vyetu vya mwamba wa matumbawe ni magumu, yana chokaa, nayo huipunguza nguvu dawa hii. Maji yenye tope vilevile. Tumia maji ya mvua uliyokinga. Puliza siku isiyo na mvua, chupa iwe na namba ya usajili ya bodi ya serikali ya kudhibiti viuatilifu, PCPB, kipimo kifuate kibandiko, mpulizaji avae glavu, buti na kiziba mdomo. Bomba la kuazima lisuguliwe mara tatu kabla. Hujui jana lilibeba nini.

Kupuliza nusu ekari nzima ningetoa karibu Sh1,900 na bado ningepalilia wiki ya nne. Kwa Sh1,500 za kuparua baada ya mvua za kwanza napata kazi ile ile, na mboga zangu za kunde nala bila wasiwasi. Mwenye ekari kumi hesabu yake ni nyingine. Kwake dawa za kuzuia mbegu zisiote, zinazopulizwa mara tu baada ya kupanda, huenda zikawa rahisi kuliko kutafuta vibarua arobaini. Huyo azungumze na afisa wa kilimo, na aulize kwanza kama dawa hiyo imesajiliwa kwa muhogo.

Kisamvu, na kiangazi

Kuna gharama moja ya palizi ambayo huingia kwa mlango wa heshima. Mwezi wa nne muhogo ukinawiri, shangazi na majirani huja kuomba kisamvu. Huwezi kukataa. Lakini kila ncha inayokatwa hufungua dirisha la jua, na chini ya dirisha hilo ndago huamka. Nimewatengea mistari miwili ya mbele, karibu na njia, ile ya Kibandameno. Wachume humo mpaka watosheke.

Ukiuacha muhogo upite Januari hadi Machi, kaskazi na jua huudondosha majani. Usipalilie kiangazi, majani ya mwitu nayo yamekauka na ardhi ngumu itakula siku zako. Kama utang'oa kabla ya masika, lipa tu wa kufyeka njia, ili mng'oaji asikanyage nyoka na ili aone shina liko wapi. Kwangu ni siku moja. Ukiamua kuuacha ardhini hadi mvua nyingine, rudi kwenye lile swali la gramu 57 kabla ya kumwita mtu, na uhesabu pia kwamba muhogo wa zaidi ya mwaka huanza kuwa na nyuzi, haukatiki vizuri kwa kachiri.

Mimi mistari 20 nimeshaing'oa, 30 iliyobaki nang'oa kidogo kidogo kadiri ya wateja wa Lighthouse. Pingili za msimu ujao ziko chini ya mwembe, zimesimamishwa wima kivulini, na yule mama na bintiye nimewatumia ya mistari kumi jana.